Uliishia Darajani

Mtandaoni walimwita Babu Gemu, ingawa hakuwa na hata unywele mmoja wa mvi. Siku za kazi alikaa chumba cha nyuma cha duka la miwani akisugua lenzi mpaka zikae sawasawa kwenye fremu. Jumamosi asubuhi alifunga mlango wa chumba chake, akawasha kamera na kuanza kulalama. Kilio chake kilikuwa kilekile: gemu za uhusika, zile ndefu ambazo mchezaji anavaa maisha ya mtu mwingine na kujichagulia maneno na njia, zimekwisha. Zamani, alisema, ukitaka kufika mahali ulilazimika kumsikiliza anayekuelekeza, lakini siku hizi kuna mshale wa njano unakushika mkono kama mtoto wa chekechea. Zamani ukimkosea mtu alikununia mpaka mwisho wa gemu. Siku hizi unamtukana asubuhi, mchana anakuuzia upanga huku anatabasamu. Watu walimpenda kwa kuwa alichekesha, na kwa kuwa mara nyingi alikuwa anasema kweli.

Mapenzi ya gemu aliyapata kwa dada yake. Utotoni dada ndiye aliyeshika pedi ya kuchezea, yeye akikaa ubavuni akisoma kwa sauti maneno ya kwenye skrini, akijifanya mfalme, akijifanya mchuuzi. Dada alipokua aliajiriwa na studio ya gemu, kazi yake kuandika mazungumzo. Kwa miaka mingi alihangaika na gemu moja, habari za mwunga mifupa anayezunguka bonde lenye vita na kutibu majeruhi wa pande zote mbili. Ilipokaribia kutoka, studio iliwapelekea wachambuzi nakala za mapema, na Babu Gemu naye akapata yake. Dada hakumwomba upendeleo. Alimwambia tu asiseme lolote kabla hajavuka daraja lililomo ndani ya gemu, kisha akamuulizia kuhusu mama.

Wiki hiyo kazi za dukani zilimwelemea, kwa hiyo gemu aliicheza kwa kuibia-ibia. Mwanzo wake ulimchosha. Mshale wa njano ulikuwa kila mahali, na wanakijiji walirudia salamu ileile hata umekwisha kuwapita. Alipofika darajani aliona mchambuzi mwenzake ametangaza kwamba video yake itatoka kesho. Babu Gemu hakuwa mtu wa kukubali kupitwa. Alizima gemu palepale, akakaa mbele ya kamera.

“Nimeicheza mpaka mwisho,” alisema, na ulimi haukumkwama hata kidogo. Aliyatamka hayo kama mtu anayekwambia kwenye simu kuwa yuko njiani ilhali bado anatafuta soksi. Alicheka mshale, akaigiza salamu za wanakijiji, na alipoona mambo yamepamba moto akaongeza kwamba waandishi wa siku hizi wanaandika kama watu wanaojaza fomu ya pasipoti. Kama dada yake alimjia akilini wakati ule, basi alipita haraka sana.

Video ile ilisambaa kuliko zote alizowahi kufanya. Utani wa fomu ya pasipoti ukawa gumzo. Watu walikwenda kwenye ukurasa wa studio na kuandika jina la kwanza, jina la ukoo, mahali pa kuzaliwa, wakacheka wenyewe kwa wenyewe. Gemu haikupata wanunuzi. Babu Gemu alijiambia kwamba dada ni mtu mzima, anajua kazi ni kazi. Hata hivyo hakumpigia simu, na kila alipoona jina lake kwenye simu alikumbuka kuna lenzi inamsubiri.

Habari alizipata kwa mama. Mama ndiye aliyempigia, yeye akiwa dukani, akaongea polepole kama kawaida yake anapokuwa na jambo zito. Studio imeamua kwamba gemu zake zijazo hazitakuwa na mazungumzo marefu, kwa hiyo waandishi wote wameachishwa kazi. Dada amerudi nyumbani na boksi moja na mto wake wa kiti. Mama hakujua lolote kuhusu video. Alitaka tu kijana wake apite kumchangamsha dada yake, maana siku zote yeye ndiye anayeweza kumchekesha.

Jumapili, kabla ya kwenda, aliiwasha tena gemu. Safari hii alivuka daraja.

Ng’ambo ya pili mwunga mifupa aliongozana na mwanamke mnene, mcheshi, aliyekuwa akimtafutia wagonjwa tangu mwanzo. Huyo ndiye aliyekuwa akimwonyesha njia, na mshale wa njano ulikwenda alikosema yeye. Babu Gemu akaufuata kama alivyozoea, bila kusoma wala kuuliza mtu. Ukamfikisha kwenye zizi walimojificha wakimbizi wenye mikono na miguu aliyoiunga kwa mikono yake mwenyewe, na nyuma yake walikuja askari. Mwanamke yule alikuwa mpelelezi wao, na mshale ulikuwa wake. Wanakijiji waliokuwa wakirudia salamu ileile walikuwa wakimwogopa mwanamke huyo, hawakuthubutu kusema zaidi. Mzee mmoja, akitolewa zizini, alimgeukia mwunga mifupa na kumuuliza kwa upole kwa nini hakusimama hata mara moja kuwauliza.

Babu Gemu aliweka pedi chini. Kila alichokicheka mbele ya kamera kilikuwa kimewekwa pale kwa makusudi, na mkono uliokiweka aliufahamu tangu utotoni. Alihisi uso unamwaka, peke yake chumbani.

Alimkuta dada akipiga pasi mashuka ya mama. Alimsalimia kawaida, akamsogezea kiti, akaendelea kunyoosha pindo. Babu Gemu alizunguka sana. Akaongelea joto, akaongelea mteja aliyekalia miwani yake mwenyewe, mpaka mwishowe akasema kwamba kuna jambo kuhusu ile video.

“Uliishia darajani,” dada alisema bila kuinua macho. “Najua.”

Akamweleza. Zile nakala za mapema zilikuwa zinaionyesha studio kila mchambuzi amefika wapi. Video ilipoanza kusambaa, wakubwa walitaka kutangaza hadharani kwamba Babu Gemu hajacheza hata nusu. Walikuwa na ushahidi. Walimwita dada wamuulize kwanza, kwa sababu walijua Babu Gemu ni ndugu yake.

“Wakasemaje?” aliuliza.

“Mimi ndiye niliyesema. Niliwaambia wasikuanike. Nilidhani ungeicheza yote, urekebishe mwenyewe. Nikasubiri.”

Hakuna tusi ambalo lingemwingia kama neno lile la mwisho. Alitamani amfokee, ampige hata na lile shuka, apate pa kujishikiza. Dada alikunja shuka likalingana pembe kwa pembe, akachukua jingine. Babu Gemu akauliza swali la kijinga: je, yeye kama mwandishi anaona kweli gemu hizi zimeshuka?

Dada alifikiri. Akasema mwanzo ule ni mbovu, alibishana sana na wakubwa wa studio wafupishe, hawakumsikia, na katika hilo mdogo wake alisema kweli. Zamani pia kulikuwa na takataka nyingi, ila takataka hazikumbukwi. “Lakini ile gemu yetu ya utotoni uliyokuwa unaisifia kila Jumamosi hukuimaliza,” aliongeza. “Ulilala. Mwisho nilikusimulia mimi.”

Babu Gemu alijaribu kuukumbuka mwisho ule, akakuta anaukumbuka kwa sauti ya dada.

Kesho yake jioni, bila kusubiri Jumamosi, alitoa video nyingine. Hakuweka utani. Alisema alidanganya, hakuvuka daraja, na alichosema kuhusu waandishi hakikuwa na msingi. Wachache waliitazama mpaka mwisho. Baadhi walimtukana, akaona wana haki. Waliomuumiza zaidi ni wale waliomtetea, walioandika kwamba hata kama hakuimaliza, gemu yenyewe inajulikana ni mbovu, yeye ndiye aliyewafumbua macho. Aliwajibu mmoja mmoja, kisha akachoka. Maneno yake yalikwisha kuwa mali yao.

Studio haikumrudisha mtu. Baada ya muda dada alipata kazi ya kuandika maneno yanayosomwa kwenye simu za huduma kwa wateja, yale ya bonyeza moja, bonyeza mbili. Walikuwa wakionana kwa mama, wakicheka mambo madogo. Siku moja Babu Gemu alimwomba waicheze ile gemu pamoja tangu mwanzo. Dada akasema labda, si sasa, akamuuliza kama anataka maji.

Mwezi huo intaneti ya dukani ilikatika, na mwenye duka akamwagiza apige simu ya huduma kwa wateja kuuliza. Sauti ya kike asiyoijua ilimkaribisha. Ilisema pole kwa usumbufu, ikasema inajua una mambo mengi ya kufanya, kwa hiyo itataja kwanza linalowasumbua wengi na kukueleza kila hatua kabla hujabonyeza. Hakuna simu iliyowahi kuongea naye kwa adabu namna ile. Fundi mwenzake alimwashiria abonyeze mbili. Yeye alisikiliza mpaka chaguo la mwisho, simu sikioni, na sauti ilipoanza kurudia tangu mwanzo akaiacha iendelee.