Msaragambo wa Meneja

Jumatatu, tarehe 9 Juni 2025. Asubuhi hiyo upepo wa Same ulivuma tangu alfajiri ukibeba vumbi la barabara kuu, na juu milimani, upande wa Vudee, wingu lilikaa zito kama blanketi lililolowa.

Hedwiga aliingia kwenye lango la kiwanda cha tangawizi sala ikiwa bado midomoni. Miaka tisa alikuwa mkuu wa kitengo cha ubora. Kitengo chenyewe sasa kilikuwa yeye, meza na mhuri. Wasaidizi wake wawili waliondolewa Machi. Aprili wakapunguzwa wachambuaji. Kati ya kumi na wawili wakabaki wanne. Mei ikafika zamu ya mashine ya kukaushia: badala ya kukausha kwa saa kumi, ikawa saa sita, kisa umeme ni ghali. Kila mara lilibandikwa tangazo ukutani lenye neno lile lile, "ufanisi." Hedwiga alifika mahali akiliona tu neno hilo, meno yanamuuma.

Unga nao ukaanza kuganda ndani ya pakiti, tena ukiwa na mchanga. Mteja wa Arusha alirudisha katoni arobaini, akasema yeye aliagiza tangawizi, mchanga anao wa kumtosha uani kwake.

Leo katoni mia mbili za unga ule ule zilikuwa stoo zikisubiri saini ya Hedwiga. Bila saini, lori haliondoki. Na Ijumaa meneja Jabiri alikwishamwambia: asipotia saini yeye, atatafutwa mwingine wa kukaa kwenye kiti chake.

Saa moja na nusu meneja aliwakusanya wafanyakazi uani. Alikuwa kijana nadhifu, shati jeupe, ameletwa na makao makuu ya Dar es Salaam.

"Ndugu zangu, nimejifunza utamaduni wenu," alisema akitabasamu. "Ninyi Wapare mna msaragambo. Kazi ya pamoja, watu wanajitolea! Basi kila Jumatatu, kabla ya zamu, tutaosha na kuchambua tangawizi kwa msaragambo. Malipo hakuna, ni moyo tu."

Watu walitazamana. Rogathe, mchambuaji ambaye mdomo wake haukujua kufunga mlango, akauliza, "Meneja, huo mfereji unapeleka maji shambani kwa nani?"

"Mfereji gani?"

Kicheko kikapasuka. Hedwiga hakucheka. Alifumba macho: Ee Bwana, nipe uvumilivu, na kama unao wa akiba, nipe na huo. Kwao Bombo baragumu ikilia watu hutoka na majembe kuzibua mfereji wa wote, au kujenga darasa la watoto wa wote. Hajasikia hata siku moja baragumu ikilia ili watu wakalime shamba la tajiri.

Mzee Swalehe, mwendesha mashine ya kukaushia, akajongea mbele.

"Shikamoo, mzee," alisema Jabiri.

"Marahaba, mwanangu. Msaragambo hatuukatai. Ila una sheria zake. Aliyeuita hashiki kiuno akatazama, hushika jembe. Asiposhika, faini yake mbuzi."

"Mbuzi?"

"Dume," Rogathe akadakia. "Tena aliyenona."

Jabiri alicheka, akakunja mikono ya shati. Akapewa kigoda, karai la maji na gunia moja. Alidhani ni mzaha wa dakika tano. Nusu saa baadaye shati lilikuwa na rangi ya udongo, naye ameshika kidole cha tangawizi mbali na pua.

"Mbona hizi zimeota ukungu?"

"Tangu Aprili," Hedwiga alisema. "Nilikuandikia barua tatu."

"Sikuziona."

"Ulizijibu, meneja. Zote ulijibu 'ufanisi.'"

Hadi saa tatu gunia halijafika nusu. Nje ya lango dereva wa lori alipiga honi. Jabiri akainuka, akanawa mikono polepole, na moyo wa Hedwiga ukajaa tumaini.

"Sawa, nimeelewa," alisema. "Suala hili tutaliangalia mwezi ujao. Lakini zile mia mbili ziende leo. Weka saini, dada." Akamnyooshea fomu ya kuruhusu mzigo.

Mwezi ujao! Hasira ya Hedwiga ikaishinda hofu. Akaipokea ile fomu, akaikunja mara mbili, akamrudishia. Kisha akawageukia wenzake.

"Mzee Swalehe, Rogathe, nanyi nyote, mnisikie, na Mungu anasikia. Naahidi mbele yenu: saini yangu haitakaa kwenye katoni hata moja ya hizi. Na akipatikana mwingine wa kusaini, nitapanda mlimani mimi mwenyewe, nyumba kwa nyumba, niwaambie wakulima tangawizi yao tumeifanya nini."