Pigo Aliloliacha Sadalla

Mume wangu Sadalla alipokufa kwa homa ya siku tatu, wenzake wa klabu ya taarabu walimzika vizuri, wakanitumia pole kupitia kwa shangazi yake, wakaenda zao. Besi lake hawakuliulizia. Lilibaki kwenye pembe ya chumba chetu mtaani Mabawa: fidla kubwa la kusimamishwa, refu kumshinda mwenyewe, alilolipata kwa Mgoa mmoja aliyekuwa akihama Raskazone mwaka wa hamsini na tatu.

Alipokuwa hai walimtania. Bwana Haji, kiongozi wao na mpiga udi, alipenda kusema, "Besi ni mguu wa kitanda. Nani anautazama?"

Sadalla akamjibu, "Ung'oe basi, kisha ulale."

Nilikaa eda miezi minne na siku kumi, Shangazi Mwamvua akikaa nami. Chumba cha klabu kilikuwa nyumba ya pili, ukuta mmoja na chumba chetu, kwa hiyo mazoezi yao ya baada ya alasiri niliyasikia yote. Arubaini ilipopita wakaanza tena. Nyimbo zilikuwa zile zile, lakini hazikukaa. Fidla ikakimbia, udi ukaifuata, mwimbaji akaingia kabla ya wakati. Wakagombana. Bwana Haji akamlaumu mpiga dumbaki, mpiga dumbaki akailaumu ngozi ya ngoma yake. Hakuna aliyesema kwamba Sadalla hayupo.

Udi ulipopigwa uzi fulani, besi likavuma lenyewe pale pembeni. Shangazi akasoma aya, akalifunika kanga. Mimi nikaweka kiganja ukutani, halafu kwenye ubao wa besi, nikaona vinatetemeka pamoja. Hilo sikuliogopa. Nililoliogopa ni kwamba eda ikiisha, Shehe, mdogo wake Sadalla, angekuja kulichukua. Mimi ningebaki na nini chake? Mtoto hatukujaliwa.

Alikuwa ameacha alama. Shingoni mwa besi, pale vidole vyake vilipobonyeza siku zote, rangi ilikuwa imelika na mti umekuwa mweupe. Shangazi alipokwenda bombani, nikasimama kama alivyosimama yeye, nikaweka vidole kwenye alama hizo. Chini ya nyuzi nikapachika kanga ili sauti isitoke nje. Siku za kwanza vidole vilitoka malengelenge, yakapasuka. Shangazi akaviona wakati wa kula, akaleta mafuta ya nazi, akanipaka.

Wimbo mmoja niliujua kuliko nyingine. Sadalla alizoea kuupiga nyumbani, na kila mzunguko wa nne aliinua mkono, akaacha pigo moja. Niliwahi kumwuliza kwa nini.

"Hapo namwachia mwenyewe," akasema.

"Mwenyewe nani?"

Akacheka, akaendelea. Nami nikajifunza hivyo hivyo, pamoja na kuacha.

Mwezi wa nne klabu wakaupiga wimbo ule, ukawashinda mara tatu. Walipoanza mara ya nne nikaitoa kanga nyuzini. Shangazi alikuwepo, akageuza uso, hakunizuia. Nikaingia chini yao polepole. Fidla ikatulia. Udi ukapunguza haraka, ukangoja. Mwimbaji akaingia mahali pake hasa. Pigo la kuachwa nikaliacha. Nikalisikia hata hivyo, nikadhani ni dumbaki.

Wakamaliza. Halafu Bwana Haji akaita pale ukutani, kwa sauti ndogo, "Sadalla?"

Nikairudisha kanga nyuzini. Ningejibu nini, mjane ndani ya eda na besi kifuani? Nikasikia ndara zao, wakitoka mmoja mmoja.

Kesho yake habari ilikuwa imefika mpaka Nguvumali kwamba marehemu anapiga besi. Watu ambao hawakumsikiliza alipokuwa hai sasa walikwepa kupita mlangoni kwake. Shehe akaja, akasimama nje ya pazia.

"Shemeji, siku ya kutoka eda nitakuja na shoka. Kitu hiki hakimwachi ndugu yangu apumzike."

Siku ikafika. Nikaoga, nikabadili nguo. Shehe akaja na shoka kama alivyosema, na Bwana Haji nyuma yake, ila yeye hakuvuka kizingiti. Nikasimama mbele ya besi.

"Shemeji, aliyepiga ni mimi."

"Marehemu hafanyiwi mzaha," Shehe akasema.

"Mwache apige," akasema Bwana Haji.

Nikauanza wimbo ule peke yangu, mchana kweupe, bila ya dumbaki wala udi. Mzunguko wa kwanza, Bwana Haji akavuka kizingiti. Wa pili, akakaa sakafuni, akainamisha kichwa. Wa tatu, Shehe akaliegemeza shoka mlangoni. Wa nne nikainua mkono, nikauacha hewani.

Pigo likalia. Zito, kamili, na uzi ukitetemeka mbele ya macho yangu.

Nikaendelea mpaka mwisho, kwa kuwa sikujua namna ya kusimama.

"Ni yeye huyu," Bwana Haji akamwambia Shehe. "Hakuna jini hapa. Tumetishwa na mke wa mwenzetu." Machozi yalikuwa yakimtoka. Akaniomba niwe ninawapigia kila alasiri, hata kama ni kwa kupitia ukutani, nami nikakubali. Shehe akachukua shoka lake, akaaga. Besi likabaki kwangu.

Walinitazama uso, wakatazama sakafu, wakatazamana wenyewe kwa wenyewe. Mkono wangu, uliokuwa hewani pigo lile lilipolia, hakuna aliyeutazama.