Padi Mpya ya Fundi Kimya

Mwenye duka la magemu aliweka boksi juu ya kaunta kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto mchanga, kisha akataja bei. Pindo akamwomba airudie. Akairudia, na haikuwa imepungua hata kidogo.

"Dada, hii si padi ya mchezo wa kawaida," alisema. "Ni ya watu wa mashindano. Ina vitufe vya ziada huku mgongoni, vijiti vyake unalegeza au unakaza, kila kitu unakipanga kwa mkono wako mwenyewe. Za kawaida zipo pale ukutani, bei yake robo ya hii."

"Kijiti kikilegezwa, dole gumba lisilo na nguvu litakisukuma?"

Swali hilo jamaa hakuwahi kuulizwa. Alikuna kidevu. "Mchezaji mwenyewe ana miaka mingapi?"

"Sitini na minne."

Jamaa akaangua kicheko, kisha akamtazama Pindo usoni na kicheko kikamkauka. Alifungua boksi, akatoa bisibisi ndogo iliyomo ndani, akalegeza kijiti, akampa ajaribu. Kilikwenda kwa kuguswa tu.

Pesa zilizokuwa kwenye mkoba wa Pindo zilikuwa za ovaloki, ile mashine ya kuziba kingo za nguo zisifumuke nyuzi. Ovaloki yao ya zamani ilikuwa inatafuna vitambaa kuliko panya. Mtu mwenye akili timamu angekwenda kununua mashine. Pindo alikuwa na akili timamu, na alinunua padi.

Msimcheke kwanza. Mjueni baba yake.

Baba yake alikuwa fundi wa suti, na wateja walimwita Fundi Kimya. Angeweza kukupima kifua, kiuno na mikono, akaandika, akakurudishia koti lako na kukufungulia mlango, na usisikie kwake zaidi ya "karibu" na "Ijumaa". Haikuwa kiburi. Maneno tu yalimkataa. Binti yake alianza kazi kwake kwa kukunja pindo za suruali, ndipo jina likamganda, na katika miaka yote ya kumfundisha mzee alimpa somo moja tu kwa mdomo. Alikuja mteja mwenye bega moja lililoshuka, Pindo akajitia ujuzi, akajaza pamba upande ule ili mabega yalingane. Mzee alifumua yote. "Usimnyooshe mtu," alisema. "Bega likishuka, kata koti lishuke."

Mkewe alipofariki, Pindo alikuwa na miaka kumi na mitano. Wiki tatu zilipita nyumbani bila mtu kulitaja jina la marehemu. Kaka mkubwa alikuwa ameondoka kwenda kusomea ualimu, akaacha mashine yake ya gemu, televisheni ndogo na padi mbili kwenye chumba cha nyuma ya duka, nyuma ya pazia. Jumamosi moja alasiri, duka likiwa limefungwa, Pindo alikuwa akicheza gemu la mpira peke yake. Baba yake akaingia, akaketi juu ya stuli, akachukua padi ya pili. Hakujua hata kitufe cha kutoa pasi. Kwenye mechi ya tatu, macho yakiwa kwenye televisheni, akasema, "Mama yako hakuumia mwishoni. Nilikuwa nimemshika mkono." Halafu akafungwa goli.

Basi ikawa hivyo kwa miaka kumi na mmoja. Kila Jumamosi saa tisa walifunga duka, wakaingia nyuma ya pazia, na vidole vya mzee vilipopata kazi na macho yake yakapata pa kutazama, ulimi ulifunguka. Humo ndimo alimosema kwamba yule mchumba wa kwanza wa Pindo ni mwongo, na kweli alikuwa mwongo. Humo ndimo alimokiri kwamba anaogopa kuzeeka. Mpira wenyewe hakuuweza. Pindo alimfunga kila Jumamosi, akamtania, "Baba, wachezaji wako wamekula nini leo?" na mzee akajibu, "Wamekula hasara." Ukitaka cha mvunguni sharti uiname, na mvungu wa mzee ulikuwa chumba kile.

Halafu mkono ukaanza. Kwanza mkasi ulimdondoka mara mbili kwa siku moja. Kisha akamwachia Pindo kukata koti la bwana harusi, jambo ambalo hakuwahi kumwachia mtu. Nyama kati ya dole gumba na kidole cha shahada ikawa imebonyea. Siku ya Jumanne alikwenda hospitali kubwa peke yake, akarudi na bahasha, akaiweka kwenye droo ya mifano ya karatasi ya kukatia nguo, juu kabisa, bila kuificha.

"Wamesemaje, Baba?"

"Nitarudi."

Hilo tu. Jumamosi ile akasema amechoka. Iliyofuata akasema ana kazi ya kumalizia, na kazi hiyo Pindo hakuiona. Jumamosi ya tatu alimkuta nyuma ya pazia ameketi peke yake na padi yake ya zamani, dole gumba likiteleza juu ya kijiti, likirudishwa, likiteleza tena. Pindo alirudi nyuma taratibu asionekane. Alilia chooni, akanawa uso, akaendelea kushona.

Alimpigia simu kaka yake.

"Soma hiyo barua," kaka akasema.

"Barua ni yake."

"Basi muulize!"

"Nimemuuliza mara nne. Unamjua baba."

"Mdogo wangu, mficha maradhi kifo humuumbua. Na wewe badala ya kumbana unataka kumnunulia toi? Hata kama ni ya dhahabu, si ni toi? Nunua ovaloki."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Lakini kaka aliondoka kabla Jumamosi zile hazijaanza, na hakuwahi kumsikia baba yao akiongea kwa dakika kumi mfululizo. Pindo alijua kitu kimoja: ugonjwa wa baba yake atausikia kutoka kwa baba yake, naye atausema akiwa na padi mkononi, au hatausema kabisa.

Basi Jumamosi ya nne akaweka boksi juu ya stuli. Mzee alilifungua. Aliitoa padi, akaigeuza, akapitisha kidole kwenye mishono yake, kama afanyavyo kwa koti la fundi mwingine.

"Umeinunua?"

"Nimeinunua."

"Kipya kinyemi," alisema, akaketi.

Pindo alimwonyesha vitufe vya mgongoni, vile vya kubonyezwa kwa vidole vya kati, ambavyo bado vilikuwa na nguvu. Alimwonyesha jinsi kijiti kilivyolegea.  Wakaanza.

Mambo yakaharibika papo hapo. Kila mchezaji wa mzee aliyepata mpira alikimbilia kulia, moja kwa moja, mpaka nje ya uwanja. Alijaribu kumrudisha, akapitiliza, akajaribu tena, akatoka tena. Kipa alitoa pasi kwa adui. Alifungwa matano na hakutamka neno hata moja. Filimbi ya mwisho ilipolia aliiweka padi ndani ya boksi lake, akalifunika.

"Ni nzuri," alisema. "Mimi ndiye sifai."

Akatoka. Pindo akasikia kiti cha cherehani kikivutwa. Alibaki akitazama lile boksi na kuona aibu. Kaka alikuwa amesema kweli. Alikuwa amenunua toi, tena toi la kumwonyesha mzee mbele ya mtoto wake kwamba mkono wake umekufa.

Kwa uchungu tu, akanyoosha mkono akachukua ile padi ya zamani ya baba yake, ile iliyofungwa plasta ubavuni. Alitaka kuona ina nini ambacho hii ya bei kali haina. Katika miaka kumi na mmoja hakuwahi kuichezea. Tangu Jumamosi ya pili baba yake ndiye aliyetangulia kuingia, na kila mara alimkuta ameshaishika. "Chukua hiyo nyingine," alikuwa akisema. "Mimi nimeizoea hii."

Akaanzisha mechi, akaondoa dole gumba kwenye kijiti. Mchezaji akaondoka mwenyewe kwenda kushoto. Pindo hakuwa amegusa kitu. Akamsimamisha, akamwachia, akaondoka tena kushoto, pole pole, bila kukoma. Ili aende mbele tu, ilibidi umvute kulia muda wote.

Akaelewa. Padi ilikuwa mbovu. Baba yake alijua kuwa ni mbovu, akaichukua yeye ili nzuri ibaki kwa mtoto aliyefiwa na mama, na akavuta kulia kwa miaka kumi na mmoja huku akifungwa na kutaniwa. Mazoea yana taabu. Kidole chake kilikuwa kimejifunza kilema, na mbele ya kijiti kisicho na kilema kikawa kinavuta bure.

Pindo alilia kidogo pale pale alipoketi. Kisha akapiga simu duka la magemu.

"Kaka, ile padi. Nataka kijiti chake kivute kushoto chenyewe. Inawezekana?"

"Dada, watu wanainunua ili waondokane na ugonjwa huo, wewe unataka kuuingiza?"

"Inawezekana au haiwezekani?"

Jamaa akaguna. Inawezekana, akasema, kwenye ukurasa wa mipangilio kuna mahali pa kusogeza kitovu cha kijiti. Akamwelekeza hatua kwa hatua, huku akisikitika kama mtu anayemwelekeza mwenzake kulichana koti jipya. Pindo alisogeza kitovu, akalinganisha na padi ya zamani, akasogeza tena kidogo, akalinganisha, mpaka wachezaji wawili walipokuwa wakienda kushoto kwa mwendo uleule. Ilimchukua karibu saa nzima.

Akafungua pazia. "Baba, njoo mara moja."

"Nimechoka, mama."

"Mechi moja. Ukikataa tena sikuombi maisha."

Mzee akaja kwa sababu hakuwa na maneno ya kukataa. Alishika padi mpya, akavuta kulia kama alivyozoea, na mchezaji wake akaenda mbele, amenyooka, mpaka kwenye eneo la hatari la adui. Mzee akasita. Akaondoa kidole. Mchezaji akaanza kwenda kushoto pole pole. Alitazama jambo hilo kwa muda mrefu kuliko lilivyohitaji.

"Umekata kwa bega," alisema.

"Nimekata kwa bega, Baba."

Wakacheza. Kipindi cha kwanza alifunga goli, akatikisa kichwa kwa mshangao. Kipindi cha pili kilipoanza, macho yakiwa kwenye televisheni, akasema, "Ni mishipa. Ile inayopeleka habari mikononi. Inakufa."

Pindo aliendelea kubonyeza. Alijua yeye akiacha, mzee naye ataacha kusema.

"Itapanda mabegani. Halafu miguu. Halafu pumzi. Daktari ni kijana, alikuwa anaogopa kunitazama. Nikamwambia sema tu. Akasema mwaka na nusu, labda miwili." Alitoa pasi, pasi nzuri. "Nilitaka kukwambia. Nilikaa na ile barua, nikakosa pa kuanzia. Niliogopa, mama. Si kufa. Kulishwa na wewe kijiko."

Macho ya Pindo yalikuwa yamejaa, uwanja wote umekuwa maji. Mzee akafunga la pili.

"Usinipe goli la huruma."

"Sijakupa. Sioni."

Mzee akasema, "Basi tungoje uone." Na kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo alibonyeza kitufe cha kusimamisha mchezo, akamshika binti yake bega kwa mkono ule ule uliodhoofika.

Kaka alipiga simu Jumapili. Pindo alimweleza ugonjwa wote kama alivyoelezwa, na kaka akalia kwenye simu, mwalimu mzima. Siku nyingine, akiwa ametulia, akauliza kama ile padi ilistahili zile pesa. Pindo akamwambia aje Jumamosi, aketi, asizungumze. Akaja. Hakuuliza tena.

Padi ilimtumikia mzee Jumamosi tisa. Katika hizo alisema namna anavyotaka kuzikwa, na mkasi wake mkubwa apewe nani, na jinsi alivyomwona mama yao mara ya kwanza amevaa gauni lililoshonwa vibaya, akatamani kulifumua. Ovaloki iliendelea kutafuna vitambaa, na Pindo akawa anaziba kingo kwa mkono.

Jumamosi ya kumi, vidole vyake havikuweza tena kubonyeza kitu chochote, si vitufe vya mbele wala vya mgongoni. Alisema hachezi. Pindo aliilaza padi mapajani mwake, akamwekea mikono juu yake, akaanzisha mechi. Timu ya mzee ilisimama uwanjani, wote kumi na mmoja, isipokuwa yule anayeongozwa na padi yake, aliyekuwa akisogea pole pole kwenda kushoto. Pindo akachukua mpira, akautembeza katikati ya uwanja, akaurudisha nyuma, akautembeza tena. Baada ya dakika chache mzee akaanza kuongea. Aliongea vipindi vyote viwili.

Mwishoni akatazama ubao wa magoli. "Mbona hufungi?"

"Kipa wako mkali leo."

Ikaisha sifuri kwa sifuri, na mzee akamwambia aanzishe nyingine.