Waliotajwa Tu

Bibi Funguo alibonyeza Hifadhi, akavua miwani, akatega sikio kuelekea chumba cha wageni ili asikie tableti ikinyamaza.

Haikunyamaza. Kule chumbani muziki uliendelea kumwimbia Bibi Uzi, na sindano zake za kufumia ziliendelea kugongana, tik, tik. Kilichokata kauli ni simu iliyokuwa mkononi mwa Bibi Funguo mwenyewe. Ule ukurasa wa ruta aliouhangaikia tangu mchana ulizunguka, ukazunguka tena, kisha ukamwambia hakuna mtandao.

"Haupo vipi?" aliuliza. "Si huo unaimba huko ndani?"

Akaitazama ruta juu ya kabati. Taa zake zote zilikuwa za kijani, zinamkonyeza bila haya.

Majina yote mawili aliyatoa mjukuu. Bibi Funguo, mzaa baba, alikuwa mtunza stoo wa shule ya bweni mpaka alipostaafu, na tangu hapo funguo hazikumtoka kiunoni: ya kabati, ya ghala, mpaka ya kopo la biskuti. Bibi Uzi, mzaa mama, alikuja kukaa naye baada ya kupasuliwa goti. Mgeni njoo mwenyeji apone, watu walisema. Mwenyeji hakupona. Alishikwa na wivu.

Ndiyo, wivu, tusifichane. Mtoto yule alizaliwa katika nyumba hii. Nani alimbeba mgongoni usiku alipoota meno? Nani alimfundisha kufunga vifungo vya shati? Kisha wazazi wake wakapata kazi nchi ya mbali, wakaenda naye, na sasa kila jioni akitoka shule anapiga simu ya video. Anampigia nani? Bibi Uzi, kwenye tableti. Wanacheka mpaka ukuta unacheka nao, na mwishoni, wakishachoka, mtoto anasema, "Msalimie Bibi Funguo." Salamu! Kama anatumiwa jirani wa mtaa wa tatu.

Basi alikuwa ameamua tableti ifungiwe nje. Mtoto akikuta mlango wa huko umefungwa, atabisha huku. Mwanawe alikwisha kumwelekeza zamani, kwa simu, jinsi ya kuingia katika mipangilio ya ndani ya ruta, siku aliyowashuku majirani kuiba waifai. Leo aliingia peke yake, hatua kwa hatua, mpaka kwenye ukurasa wa vifaa vinavyokubaliwa na vinavyokataliwa. Hapo alijiona yuko nyumbani. Mlangoni mwa stoo yake kulikuwa na karatasi yenye majina, na kila aliyetajwa humo alikuwa haruhusiwi kuingia: mpishi aliyechakachua mafuta, dereva mwenye mikono mirefu. Ukitajwa, umekwisha. Kwa hiyo akaitaja tableti, akahifadhi, wala hakusoma mstari mdogo uliokuwa juu ya kisanduku.

Mwanawe ndiye aliyemsomea, alipompigia kwa simu ya kawaida.

"Mama, hapo umechagua 'Ruhusu waliotajwa tu'. Maana yake nyumba nzima imefungiwa nje, isipokuwa hicho kimoja ulichokiandika. Uliandika kipi?"

Bibi Funguo akakohoa kidogo.

"Mama?"

"Sikumbuki. Vidole vizee hivi."

"Haya. Kokote kilipo, kitafute uingilie kwa hicho, uondoe hilo zuio. Ulikuwa unamzuia nani, kwani?"

"Majirani," alisema, akakata simu kabla hajaulizwa jingine.

Amejikaanga kwa mafuta yake mwenyewe. Alisimama mlangoni pa chumba cha wageni muda mrefu kuliko anavyostahili kusimama mwenye nyumba.

"Hodi, mzazi mwenzangu."

"Karibu, karibu. Unabisha hodi kwako mwenyewe?" Bibi Uzi alisogea kumpa nafasi kitandani. Sweta dogo la bluu lilikuwa limemlalia mapajani, mkono mmoja umekamilika, mwingine bado.

"Nakuomba tableti kidogo. Mtandao unanisumbua."

"Chukua. Mimi hapa haujanisumbua hata kidogo, lakini wewe ndiye fundi."

Bibi Funguo akaketi, akaingia kwenye ruta. Mlango ukafunguka mara moja, bila ubishi. Jina la tableti lilikuwa pale pale alipoliandika, peke yake kama mfalme. Sasa aliuona ule mstari. Akauona pia mwingine chini yake: 'Zuia waliotajwa'. Kumbe alikosea neno moja tu! Akalibadili. Sasa kila kitu kilikuwa kama alivyotaka mwanzo, na kilichobaki ni kubonyeza Hifadhi. Alinyanyua kidole.

Tableti ikaita.

"Huyo!" Bibi Uzi aliruka, goti likamrudisha. "Mpokee, mpokee, uzi umenifunga mikono!"

Uso wa mtoto ukajaa kioo kizima. "Bibi U..." Akasita. "Aa. Bibi Funguo. Shikamoo."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hujambo?"

"Sijambo."

"Shule?"

"Nzuri."

"Umekula?"

"Nimekula."

"Unawasikiliza wazazi?"

"Ndiyo."

Akatafuta swali jingine, akakosa. Alikuwa kama mtu anayepapasa ndani ya gunia tupu. Macho ya mtoto yalikuwa yanazunguka pembeni mwa kioo, yanatafuta.

"Bibi Uzi yupo?"

Bibi Funguo akaigeuza tableti, akaishika mbele ya mwenzake kwa mikono miwili.

"Fungua mdomo nione," alisema Bibi Uzi. "Limetoka?"

"Limetoka! Nilikuwa nauma tufaha!"

"Ulimi unaingia?"

"Unaingia wote! Ona!"

"Na maji, yanapita?"

Kukasikika mbio, bomba, kisha maji yakarushwa kwenye kioo cha kule, na wawili wale wakaangua kicheko. Bibi Funguo alikuwa nyuma ya tableti, haoni kitu. Hakuwa na habari kwamba kuna jino linalocheza. Alikuwa amedhani huko ndani kuna hadithi tamu, kuna nyimbo, kuna maneno mabaya juu yake. Kumbe ni jino. Hilo lilimuuma kuliko hadithi, kwa sababu jino angeweza kuliuliza mwenyewe.

"Bibi Uzi, kuna kidole kinakuziba."

"Si changu. Ni cha bibi yako mwingine."

"Mwambie akitoe."

Akakitoa. Mikono ilimchoka, lakini aliishikilia tableti mpaka walipoagana.

"Kesho tena! Msalimie Bibi Funguo!"

"Anakusikia huyu," alisema Bibi Uzi, lakini mtoto alikwisha kata.

Ukurasa wa ruta ukarudi kama ulivyokuwa, na Hifadhi yake. Bibi Uzi alishika fimbo, akanyanyuka kwa kuguna.

"Naenda kutia chai. Wewe endelea na kazi yako. Ukiona humo kitu changu kinakukwamisha, kitoe tu, mzazi mwenzangu. Mimi wala sitajua."

Akatoka, anachechemea. Ni kweli, asingejua. Angeipigapiga tableti, angesema imezeeka, angerudi kwenye uzi wake bila kumlaumu mtu. Wivu wa Bibi Funguo ulikuwa bado mbichi, haujapungua hata punje. Alikitazama kitufe mpaka macho yakalowa. Kisha akalifuta jina la tableti, akalizima zuio zima, akahifadhi.

Simu yake ikazinduka, ujumbe ukamiminika. Kikundi cha akina mama. Tangazo la maji kukatika. Mwanawe: "Vipi, imekubali?" Alipitia wote, akarudia toka juu. Wa mjukuu haukuwamo.

Hakuwahi kumpigia yule mtoto, tangu wahame. Mkubwa hupigiwa, ndivyo alivyojua. Aliitafuta picha yake, akaibonyeza kabla hajajionea haya, na simu ikaanza kuita.

"Sukari vijiko vingapi?" Bibi Uzi aliuliza kutoka jikoni.

Simu iliendelea kuita, na Bibi Funguo, ulimi ukipapasa pengo lake mwenyewe la kushoto, alikuwa anajaribu maneno kwa sauti ndogo: "Na la pembeni yake, nalo linacheza?"