Mwana wa Bi Nunu

Mwaka mmoja kabla Wadachi hawajapandisha bendera yao Bagamoyo, mgeni kutoka Saadani alifia humo mjini, msikitini Dunda. Aliitwa Azzan, na mjini hakuwa na ndugu. Macho ya watu yakamgeukia Azzan bin Hamed es-Saadi, tajiri wa pembe za ndovu, maana mji ulikwishachoka kuwachanganya wawili hao. Mzigo wa Azzan wa Saadani ulishushwa kwa Azzan es-Saadi, na salamu za huyu zilimfikia yule. Basi es-Saadi akatoa sanda. Mtu wa jina lako ni somo yako, na somo hatupwi.

Kaburini, Mwalimu Muhidini alikaa upande wa kichwani asome talkini. Maiti huitwa kwa jina la mama yake, asikie, ajue la kuwajibu malaika.

"Mamake nani?" aliuliza. Hakuna aliyejua. "Basi nitamwita mwana wa Hawa. Ndivyo tufanyavyo kwa asiyejulikana mamake."

Azzan aliona haya. Jina lake liitwe mbele za watu kama la mtoto wa kuokotwa?

"Mwite mwana wa Nunu. Mama yangu atamtosha."

"Bwana Azzan, wewe bado u hai."

"Soma, mwalimu."

Kiburi si uungwana, na Azzan alikuwa nacho tele. Mwalimu akasoma.

Bi Nunu alikuwa haoni miaka mingi. Alimjua mwanawe kwa hodi yake. Azzan alirudi nyumbani akabisha.

"Nani?"

"Mimi, mama. Azzan."

"Azzan yumo humu, anakula. Wewe nani?"

Alicheka, akaingia. Mkekani palikuwa na sahani ya wali ulioliwa nusu, na kando yake mchanga mbichi, umeacha alama ya mtu aliyeketi. Kicheko kikamkauka. Aliogopa, wala hakuona aibu kuogopa.

Alikimbia akamvuta mwalimu mpaka makaburini. Talkini ikasomwa upya: ewe Azzan, mwana wa Hawa. Udongo wa kaburi ukadidimia kidogo mbele ya macho yao.

Aliporudi alimkuta Bi Nunu amejifunika leso kichwani, analia, na majirani wameanza kuingia kumpa pole.

"Mwanangu kaitwa," alisema. "Katoka hata mikono hajanawa."

Azzan alipiga magoti akaushika mkono wake. "Mama, ni mimi. Nipapase uso."

Bi Nunu akampapasa paji, pua, ndevu, taratibu, kwa adabu ya mtu anayempokea mgeni. Kisha akauondoa mkono.

"Ahsante kwa kuja kunizikia, baba. Na wewe mamako nani?"

Azzan alifungua kinywa aseme Nunu. Alilitaka jina hilo kwa moyo wake wote.

"Hawa," akasema.