Kisu cha Egesa na Korongo wa Mia Tano

Kila Jumamosi asubuhi, kabla malori hayajaanza kugombania foleni ya forodha, Bwire alitandaza gunia safi juu ya meza ya ofisi yake ya uwakala pale Busia, akapiga picha visu vyake. Alikusanya visu vya kukunja tu, vile wahunzi wa kwetu wanavyofua kwa springi za lori na kuvitia mpini wa pembe. Kando ya kila kisu aliweka sarafu ya Uganda ya mia tano, yenye kichwa cha korongo, ili wakusanyaji wenzake walio mbali wajue ukubwa wake.

Kisu kilichokata miwa na kuchinja kuku, korongo hakukijali. Kilichoingia mwilini mwa mtu, korongo wa sarafu alitoka damu mahali palepale mwilini mtu alipochomwa. Bwire aliweka kitambaa karibu, akafuta, akaendelea. Visu vya namna hiyo havikuwa haba. Watu wa mpakani huchomana, kuna cha kushangaza hapo?

Jumamosi hiyo Syprose, mama wa mitumba kutoka ng'ambo ya Kenya, alimletea kisu cha mpini mweusi.

"Nimekinunua kwa Egesa wa Lumino," alisema. "Si ndiye shemeji ya dada yako?"

Bwire alikiweka kwenye gunia, akapiga picha. Korongo akafumba jicho. Damu ilimtoka chini ya taya, kisha kooni, na tundu la kooni lilikuwa pana kwa sababu kisu kilizungushwa humo. Ililowesha gunia, ikadondokea viatu. Majeraha hayo Bwire aliyajua, maana aliyaosha kwa mikono yake. Arnold, mume wa dada yake Jovia, aliokotwa mpakani mwa shamba lake, shingo ikining'inia, na Egesa mdogo wake alibeba jeneza upande wa mbele huku akilia kuliko wote. Bwire alitoka nje mpaka nyuma ya lori la saruji. Kisha akampigia Jovia simu.

"Kilete kesho," alisema Jovia. "Ukoo ukikiona, hawawezi kunikabidhi kwa Egesa."

Kesho yake ilikuwa siku ya kunyoa nywele za msiba, siku ambayo ukoo wa marehemu hukaa na kuamua nani atamrithi mjane na shamba. Egesa alikuwa akivingoja vyote viwili.

Huko Lumino, Bwire alikiweka kisu na sarafu mezani mbele ya wazee. Damu ikaja, ikazunguka bakuli la chumvi. Mwenyekiti wa ukoo akasogeza sahani yake ya nyama isilowe.

"Hiyo ni ya Arnold," alisema. "Egesa, ni wewe?"

"Ni mimi, mzee. Alininyima upande wa barabara."

"Ulifanya vibaya."

"Nilifanya vibaya. Aliita mama, sikuacha."

Wazee walikubaliana kwamba alifanya vibaya sana, na kwamba atatoa mbuzi wa kutakasa boma. Mmoja akauliza kama mbuzi atakuwa dume.

"Sasa tuseme ya mbele," mwenyekiti alisema. "Boma halikai bila mwanamume, na Arnold hakuwa na ndugu mwingine."

Hasira ilimpanda Bwire, akamrukia Egesa na kumkaba. Vijana wa ukoo walimwangusha, wakampiga mateke mbavuni mpaka ubavu mmoja ukalia kwa kuvunjika, wakamwacha amelala pale mavumbini. Mate yake yalikuwa mekundu. Jovia alisema hataki, akasema tena kwa sauti, na hakuna aliyembishia. Wanawake wawili walimkalisha kwenye kigoda na kumshika mabega.

Kunyoa kulikuwa kazi ya Benedeta, shangazi wa marehemu. Alipekua mkoba wake. Wembe alioleta ulikuwa umeshika kutu. Basi akakichukua kisu pale mezani, akakifuta kwa leso, akajaribu makali yake kwa kidole gumba. Kilikuwa kikali. Egesa akamshikia beseni la maji.

"Inamisha kichwa, mwanangu," alisema Benedeta kwa upole, "kisije kikakukata."

Jovia akainamisha kichwa.