Barua ya Mdomo wa Ngusa

Klara alikuwa anachekecha unga wa mawe pale karashani, kwenye mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, aliposikia Stanslaus, msimamizi wao, akimfokea mumewe. "Ngusa! Panua mdomo! Unatafuna nini tangu asubuhi?"

Ngusa akapanua. Kidole cha Stanslaus kikapita chini ya ulimi na ndani ya mashavu, kisipate hata punje ya dhahabu. Lakini kwa mtu wa machimboni, anayetafuna bila chakula ni mwizi, basi. "Niletee barua ya daktari leo hii. La sivyo, kazi huna."

Mwaka wa saba huu Ngusa anachomwa sindano kila mwezi, kutuliza sauti za kichwani. Mwanzoni ilimkakamaza, mikono ikatetemeka, akapewa vidonge vya kuzuia hayo, yakaisha. Huku kutafuna na kutoa ulimi kulianza mwaka jana tu, polepole.

Kliniki ilikuwa na watu sitini na daktari mmoja, naye hakuinua uso.

"Anatetemeka?"

"Hapana, daktari," Klara akajibu. "Kutetemeka kulikwisha zamani. Huu ni mdomo, na akimeza vile vidonge ndiyo unazidi."

"Mama, yote ni mambo ya dawa tu hayo. Ameze vitatu sasa." Akaandika barua, akagonga muhuri.

Nje, muuguzi Mageni aliisoma, akamwambia Klara kwa sauti ya chini. "Mama Rebeka, uko sahihi. Hili ni tatizo jingine, huja baada ya miaka, na vidonge hivi vinalichochea. Ila sindano msikatishe wenyewe."

"Wabheja, asante dada. Basi andika hivyo."

"Mimi siruhusiwi. Daktari bingwa atakuja baada ya miezi mitatu."

Mnyonge hana haki, lakini leo angalau alikuwa na muhuri. Wakarudi karashani.

Stanslaus akasoma kwa sauti: "'Mgonjwa anatetemeka mikono kwa sababu ya dawa.' Haya, nyoosha mikono."

Ngusa akainyoosha. Ilitulia tuli. Mdomo ndio uliokuwa ukitafuna hewa mbele ya wafanyakazi wote.

"Kumbe hata barua mnaghushi!" Stanslaus akaichana.

 Klara akamshika mumewe mkono, wakaondoka wote wawili, na chekecheo lake akaliacha pale pale.

"Heri ningeiba kweli, Mama Rebeka," Ngusa alisema.